Chupa Uliyompa Shosho

Nyaguthii,

Nimekukasirikia, na mimi si mtu anayejua kukasirika. Mama yako ndiye aliyejua. Alikuwa akisema yote kwa mara moja, sufuria zikigongana, na chai ikiiva tayari yamekwisha. Mimi hunyamaza. Tangu Jumapili nimenyamaza, nawe ukadhani wageni wamenichosha. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kuanza kazi Kenol, na kwa jinsi mambo yalivyo utaondoka bila baraka ya shosho yako, mama yangu mzazi. Ndiyo sababu nimeketi mezani mchana huu, wakati umeteremka Nyeri mjini kuwaaga wenzako. Naandika kabla hujarudi, kwa kuwa nikikuona uso nitakuwekea chakula na kunyamaza tena.

Sitakuandikia mambo ya kila siku. Umesomea kumsaidia daktari wa meno, umefuzu, umepata kazi bila mimi kumjua mtu yeyote. Mambo ya chumba na majirani na kufunga mlango utajifunza huko huko. Sweta uliyoiacha kwenye kiti nimeitia ndani ya begi, ingawa Kenol hakuna baridi kama yetu. Basi, hayo yamekwisha.

Nataka kuandika juu ya chupa uliyompa shosho.

Wacha nikusimulie Jumapili, ile sherehe ya kukuaga, jinsi mimi nilivyoiona, nikiwa nimesimama karibu na tangi la maji na sahani mkononi. Watu walikuwa wamekula. Mzee wa kanisa alikuwa ameomba, maombi marefu, hata mtoto wa jirani akalala kwenye nyasi. Kisha shosho akainuka. Unajua siku hizi kuinuka kwake ni kazi. Anashika kiti, anashika fimbo, anashika goti, ndipo anasimama. Alikataa kusaidiwa. Akaja mpaka mlipokuwa mmeketi na binamu zako.

"Nyaguthii wangu," akakuita. Jina hilo lilikuwa lake kabla ya kuwa lako. Wewe ni binti yangu wa kwanza, kwa hiyo ulipozaliwa hatukuwa na la kufikiria. "Lete mikono."

Ukaileta. Ulijua anachotaka kufanya, usiniambie hukujua. Ulimwona akimfanyia binamu yako Kamau alipokwenda kufanya kazi Sagana. Wazee wetu humtemea anayeondoka mate viganjani, kidogo tu, ni kama umande, wakasema maneno yao, naye akajipaka kifuani. Shosho akainama, akakusanya midomo. Ndipo ulipoirudisha mikono nyuma kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Ai, Shosh! Si uniombee tu na maneno? Mate iko na vijidudu."

"Daktari ameanza kazi kabla afike kazini!" Kamau akasema.

Watu wakacheka. Kama ungeishia hapo ningesema ni utoto, nao utaisha. Lakini hukuishia hapo.

"Ngoja, Shosh, niko na zawadi yako." Ukaingia ndani mbio, ukatoka na ile chupa ya dawa ya kusukutua mdomo, ya rangi ya samawati kama sabuni ya vyombo. Ukaiinua juu ili kila mtu aione. "Ukiamka unasukutua, ukienda kulala unasukutua. Hiyo harufu yote itaisha, utaona tu."

Hiyo harufu. Mbele ya boma zima.

"Shosh, pole pole na hiyo," Kamau akasema, "usiimalize leo ukidhani ni muratina!"

Hata wazee wa kanisa, ambao hawapaswi kuijua ladha ya pombe ya kienyeji, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Shosho naye alicheka. Aliinua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akafunika mdomo, akacheka humo ndani. Akaipokea chupa kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu apewacho. Akasema, "Asante, mwanangu. Na hii, ni ya kunywa?"

Hakuna aliyemjibu. Wewe hukumjibu, ulikuwa ukipiga picha. Swali lake likapotelea kwenye vicheko. Akageuka, akarudi kwenye kiti chake, akashika goti, akashika fimbo, akaketi. Baraka hakuimaliza. Sijui kama uliona kwamba hakuimaliza. Mimi niliona, na sahani ikanitoka mkononi, nawe ukapaza sauti, "Baba, pole pole na sahani za Mama!" Watu wakacheka tena.

Tangu siku hiyo shosho anaongea akiwa amefunika mdomo. Nikimpelekea uji, anapokea na kugeuka upande. Jana alimfukuza kuku kutoka jikoni, na hata kwa kuku alishika kitambaa mdomoni. Nilisimama pale na ndoo yangu nikahisi hasira ambayo sijaihisi tangu mama yako azikwe.

Najua utakavyojitetea. Utasema, "Lakini Baba, nilisema ukweli." Ndiyo, ulisema ukweli. Fizi za shosho zinatoka damu, meno yaliyobaki yanalegea, na harufu ipo. Unadhani siijui? Mimi pua yangu ndiyo iliyokusomesha. Tangu kabla hujazaliwa kazi yangu kwenye kituo cha maziwa ni kufungua mkebe, kuinua kifuniko mpaka puani, na kusema haya yapokelewe, haya yarudi nyumbani. Nilisikia harufu ya mdomo wa mama yangu zamani, wewe ukiwa bado unajifunza kusoma.

Aliyenifundisha kunusa ni mzee mmoja, Mzee Ndirangu. Alifariki ukiwa mdogo, labda unakumbuka kofia yake ya manyoya. Mtu akileta maziwa yaliyochacha, Mzee Ndirangu hakusema pale kwenye foleni. Aliuweka mkebe kando na kusema kwa sauti, "Mama Fulani, ningoje kidogo, kifuniko chako kina shida." Foleni ikiisha anamwita nyuma ya kituo, anamwambia maziwa yamechacha, anamwuliza kama mkebe ulianikwa juani, kama ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele. Mwenye maziwa anarudi nyumbani na mkebe wake, na waliokuwa kwenye foleni hawajui lolote. Nilimwuliza siku moja kwa nini anapoteza muda. Akaniambia, "Nikimwambia hapa, kesho hataleta. Ataenda kumwaga mtoni, na ng'ombe atazidi kuumwa." Ni hayo tu aliyoniambia. Nimeyatumia kila asubuhi ya maisha yangu, na nimeshindwa kumpa binti yangu, sijui kwa nini. Nadhani niliona ni mambo ya maziwa.

Sasa nikuambie usiyoyajua, maana tulikuficha.

Mama yako alipoanza kupewa dawa za kansa ulikuwa kidato cha tatu, shuleni, unalala huko. Nywele zilipotoka uliona. Ambacho hukukiona ni mdomo. Dawa zile zilimchoma mdomo kutoka ndani. Alitokwa na vidonda kwenye ulimi, kwenye fizi, mpaka kooni. Mate yakamkauka. Ukavu ule na vidonda vile vikaleta harufu ambayo mimi, mwenye pua ya kazi, sitajaribu kukuelezea. Ulikuja kumwona hospitalini mara mbili tu, na kila mara tulishughulika tangu alfajiri ili umkute mama yako anavyopenda kuonekana. Ulimkumbatia ukasema ananukia mafuta ya mtoto. Alilisema jambo hilo kwa siku nyingi. "Umesikia Nyaguthii alivyosema?"

Wanawake wa kikundi chake cha kanisa walikuja pia. Walisimama mlangoni. Waliimba wakiwa mlangoni, wakaomba wakiwa mlangoni, na mmoja alijiwekea kitambaa puani akijifanya anapangusa machozi. Mama yako aliona. Mikono ya wanawake hao ilikuwa imekula kwenye sufuria zake miaka mingi. Walipoondoka akaniambia, "Wasije tena." Nawapa mkono kila Jumapili na bado nimewakasirikia, na hawajui. Hiyo nayo ni hasira yangu nyingine. Unaona nilivyo nazo, zimejaa kama mikebe.

Siku ile ile nikaenda duka la dawa. Nilifikiri kama mtu wa maziwa. Mkebe ukinuka unautia maji ya moto na dawa kali, unasugua, unasuuza, unaunusa, unarudia, mpaka kifuniko kinuke bati tupu. Nikamwambia muuzaji anipe dawa ya kusukutua iliyo kali kuliko zote. Akanipa. Nikaionja pale nje, ikaniwasha mpaka machozi yakanitoka, nikafurahi. Nilidhani kuwasha ndiko kufanya kazi. Ndivyo tulivyo huku kwetu, tukidungwa sindano isiyouma tunarudi kulalamika kwamba tumetiwa maji. Nikampelekea mama yako. Nikamwinua kichwa, nikamtilia kifuniko kizima mdomoni, kwenye vidonda vile.

Alikuwa amepoteza sauti siku nyingi, akinong'ona tu, Nyaguthii. Siku hiyo aliipata.

Muuguzi akaja mbio. Akaisoma chupa, akanitazama. "Baba Nyaguthii, hii iko na spiriti. Umemwekea spiriti kwa kidonda." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Akaniambia mgonjwa kama huyo husukutua kwa maji yaliyochemshwa, yakawa vuguvugu, na chumvi kidogo. Chumvi. Tulikuwa nayo nyumbani, kwenye kopo lile la kahawa.

Kesho yake shosho akaja, akiwa amejipanga kukaa. Alibeba ile chumvi, vikombe viwili, karai, na kipande cha leso kuukuu kilicholainika. Mama yako alipomwona akageuza uso ukutani. Aliona haya. Huyo ni mama mkwe wake, na mwanamke wa kwetu hataki mama mkwe amwone akiwa hivyo. Shosho hakusema neno juu ya harufu. Alichanganya maji, akamimina kwenye vikombe vyote viwili, akaacha kiti alichowekewa na kuketi kitandani.

"Mimi sijaosha mdomo tangu nitoke nyumbani," akasema. "Sipendi kuongea na watu nikiwa hivi. Tusukutue pamoja."

Akaanza yeye. Akavimbisha mashavu, akazungusha maji, akayatema karaini kwa kishindo. Mama yako akageuka kumtazama. Kisha akafungua mdomo.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Shosho kwanza, mama yako baadaye, karai moja. Halafu shosho alizungushia leso kidoleni na kumsafisha ulimi na fizi, taratibu, uso wake karibu na uso wa mama yako, kiasi kwamba walikuwa wakipumua hewa moja. Hakujifunika pua hata siku moja. Asubuhi fulani nikawakuta wanashindana nani atatema mbali zaidi karaini. Nikawakumbuka ninyi wawili kwenye migomba nyuma ya choo, wewe na mswaki wako mwekundu, mkipiga mswaki na kushindana kurusha povu. Mama yako alikuwa akikushinda kwa sababu ya lile pengo lake la mbele. Ulilia ukitaka ung'olewe jino uwe na pengo kama lake. Majani ya mgomba ule yalikuwa na madoa meupe mwaka mzima.

Sasa hili ndilo nililotaka kufikia.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la wodi na chupa ya maji ya moto. Nikamsikia mama yako anamwambia shosho, "Nyaguthii akiondoka nyumbani mimi sitakuwepo. Nilitaka nimbariki. Lakini tazama, hata mate sina."

Na kweli, ulimi wake ulikuwa mkavu kama ganda la kahawa.

 Shosho akafungua kiganja chake, akakiweka karibu na midomo ya mama yako. "Sema maneno yako hapa," akamwambia. "Mate nitayatoa mimi. Siku yake ikifika nitamtemea mara mbili, moja yangu, moja yako."

Mama yako akasema maneno ndani ya kile kiganja. Aliyasema kwa muda mrefu. Mimi sikuyasikia, na sikumwuliza shosho, kwa kuwa hayakuwa yangu. Hakuna mwingine duniani anayeyajua. Shosho ameyatunza miaka hii yote, na alitaka kukuambia yeye mwenyewe, siku yenyewe, ndiyo sababu alinikataza nisikudokezee.

Jumapili alfajiri nilimkuta nyuma ya jikoni na kikombe. Alikuwa ametafuna kijiti cha mswaki, akasukutua kwa maji ya chumvi, akatema, akasukutua tena. Nikamwuliza mbona mapema hivyo. Akasema, "Leo nabariki." Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya mikono yako, Nyaguthii. Ulimletea chupa mtu ambaye alikuwa ameamka kabla ya wote kusafisha mdomo kwa ajili yako.

Ningeweza kuishia hapa, na labda nisingeandika kabisa, ningekupeleka stendi kesho na kukuombea heri. Lakini leo asubuhi, ukiwa bado umelala, nilisikia kikohozi nyuma ya jikoni. Nikamkuta shosho ameegemea ukuta, macho mekundu, udenda unamtoka, chupa yako iko wazi miguuni pake. Alikuwa ameijaza kwenye kikombe cha chai. Alisukutua, kisha akameza. Alimeza kwa kuwa aliuliza kama ni ya kunywa na hakuna aliyemjibu, na kwa maisha yake yote dawa aliyopewa aliimeza.

Nikampa maji asukutue, kisha maziwa. Nikampigia simu muuguzi wa zahanati, akasema nimwangalie. Nimemwangalia tangu wakati huo. Amekula uji, yuko sawa, fizi zinamwuma tu. Nilimwuliza, "Mama, kwa nini kikombe kizima?"

"Nilitaka ifike mpaka ndani," akasema. "Ati inaondoa yote."

Niliichukua ile chupa nikaisoma. Ina spiriti, Nyaguthii. Ni ile ile. Labda si kampuni moja, lakini ndani ni ile ile niliyomtilia mama yako. Mimi nilikosea kwa kutojua, na kosa hilo huniamsha mpaka leo. Wewe ulijua. Umekaa darasani ukafundishwa. Ulijua kwamba bibi mwenye fizi zinazotoka damu hafai kupewa dawa kali. Ulijua kwamba kusukutua hakuchukui nafasi ya mswaki, kwamba mtu anapiga mswaki kwanza, anangoja, ndipo anasukutua kidogo na kutema. Ulijua kwamba harufu ile inatoka chini ya fizi, ambako dawa ya chupa haifiki, na anayepaswa kumwona ni daktari. Wewe mwenyewe ulinieleza hayo yote Krismasi, pale kwenye ngazi, kwa furaha, na nilijivuna nikamweleza kila mtu kituoni. Hukumwambia shosho hata moja. Ulikuwa na haraka ya kuwachekesha binamu zako.

Nimeandika sentensi hiyo nikaondoka mezani, nikaenda kuwapa ng'ombe majani, nimerudi. Siifuti.

Ijumaa nitampeleka kwa daktari wa meno hospitalini. Nimeshamnunulia mswaki laini, ule wa watoto, una picha ya twiga, amechagua mwenyewe. Chumvi ipo. Hayo nitayafanya mimi. Ungeniambia kando, siku yoyote, nyuma ya jikoni, ningeyafanya mapema, na shosho angekushukuru bila kujifunika.

Huko Kenol watu watakaa kwenye kile kiti chenu, walaze kichwa nyuma na kufungua mdomo. Wengine watakuwa wametoka mbali, madereva, wachuuzi wa matunda, akina mama waliotoka Kangema hadi hapo wakiwa wamejifunga shavu kwa leso. Watakuwa wamesafisha midomo yao asubuhi kwa chochote walicho nacho, kwa ajili yenu, kama shosho. Kutakuwa na harufu. Utavaa kile kitambaa cha kazini puani na mdomoni, na ni sawa, ni kazi. Mimi sikuombi wema mwingi. Mtu akikuuliza kama hii ni ya kunywa, mjibu. Acha unachofanya, weka simu chini, umjibu.

Ukimaliza kusoma bado utakuwa na usiku na asubuhi. Sitakwambia uende kwa shosho. Ukienda kwa kuwa baba amekasirika, ataona, yeye huona mambo hayo kutoka mbali. Nimekuandikia ili ukienda ujue unakwenda kuchukua nini, na usipokwenda ujue umekiacha wapi.

Kuna ujumbe wake nilioagizwa kukupa. Nimeubeba tangu asubuhi na nilikuwa nimeamua nisiufikishe, maana unanitia hasira na aibu pamoja, ndiyo sababu nimejaza kurasa hizi zote kwanza. Nilipokuwa nikimfuta mdomo pale ukutani, bado anakohoa, alinishika mkono akaniambia nikuambie hivi:

"Mwambie Nyaguthii nimeitumia dawa yake. Mdomo uko safi sasa. Anaweza kuleta mikono."

Baba yako.